Jina Kabla ya Wimbo

Nimewaachia funguo za studio, nimewaachia kile kiti kinacholegea mguu, na ile soksi ya sufi tunayofunika maikrofoni msiitupe. Hakuna kitu kinachozuia upepo wa Kakuma kama soksi. Siku ile ya kuniaga mlitaka niseme maneno machache. Mimi nilikula wali na nyama nikanyamaza, kwa sababu maneno yangu huja polepole na nyinyi mlikuwa na haraka ya kupiga picha. Sasa niko nyumbani Lodwar na siku ni ndefu. Basi naandika. Mahali Kiswahili kimepinda mpanyooshe wenyewe. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe mvua ilinyesha katikati nikarudi kwa mbuzi.

Habari ya vyeo na mishahara sitaandika. Cheo nilipewa kimoja tu, na hata aliyenipa alisahau.

Niliingia kazi hii kwa mlango wa jenereta. Hapa Lodwar kulikuwa na chumba cha kurekodi nyuma ya kanisa, na kazi yangu ilikuwa kuwasha jenereta, kuizima, na kufukuza mbuzi. Siku ya kwanza niliiwasha nikaisogeza karibu na dirisha ili nikae kivulini. Kwaya wakaimba vizuri, wakafurahi, wakasikiliza kanda: jenereta imewafunika wote, mwanzo mpaka amina. Mwalimu wa kwaya akanitazama akasema, "Lomuria, wewe ndiye besi yetu sasa?" Niliisogeza nyuma ya choo, ikakaa huko miaka.

Baadaye nilihamishiwa Kakuma, na huko ndiko nilikutana na Faustin.

Faustin alikuwa Mkongo. Kwao alifanya kazi ya redio, vita ikamtoa, akafika kambini na gitaa lisilo na nyuzi mbili na kichwa kimejaa nyimbo. Mtu mwembamba, kofia haimtoki, jua liwe kali namna gani. Yeye ndiye alinifundisha kusafisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti, kuzungusha kaseti kwa penseli ili betri zisiishe, na kusikiliza kwa macho yamefungwa. Mimi nilidhani analala. Siku moja nikaongea na mtu mlangoni, akasema bila kufungua macho, "Lomuria, uko unasimama ku mguu wa kushoto. Baki pale, usipumue."

Kitu kikubwa alichonifundisha ni hiki: mtu aseme jina kabla ya wimbo. Awe kwaya, awe mtoto, awe mzee wa porini na fimbo yake. Kwanza jina lake, la baba yake, na mahali anatoka, halafu aimbe. Nilimwambia, "Faustin, watu watafikiri sisi ni polisi."

"Bafikiri tu," akasema. "Sauti yenye haina jina, kesho kila mutu atasema ni yake. Ao watasema haina mwenyewe, na ile ni mbaya zaidi."

Basi ikawa kazi yangu. Faustin anashika mashine, mimi nashika maikrofoni na kusema, "Sema jina lako." Tulizunguka hivyo mimi na yeye, Lokichoggio juu ya lori la mahindi, Namoruputh kwa gari la watu wa chanjo, Lopur kwa miguu, mashine imefungwa kwa blanketi kama mtoto mgonjwa. Watu walitucheka. Mama mmoja alituuliza kama tunaoa au tunaozesha, maana tunauliza ukoo kama washenga.

Hapo Lopur ndipo tulimrekodi Apalopus. Tulimkuta kwenye mto mkavu, anachota maji ya kisima cha mchangani na kuwanywesha wanyama. Mrefu, sauti nzito, na maksai wake wa kijivu amesimama pembeni kama bwana harusi. Wenye kazi hii mnaotoka pande zingine, niwaelezeni kidogo. Mwanamume wa Kiturkana ana maksai wake mmoja anayempenda. Anampinda pembe, anamvika kengele, anamtungia wimbo. Watu wanaacha kumwita jina lake la kuzaliwa, wanamwita kwa rangi ya maksai. Kijivu ni *pus*, basi yeye ni Apalopus, mwenye yule wa kijivu. Na wimbo huo ni wake. Wenzake wanaweza kuitikia, lakini hakuna anayeamka asubuhi akauimba kama wa kwake, kama vile huamki ukavaa viatu vya jirani. Mimi maksai wangu aliuzwa nikiwa mdogo, kwa hiyo wimbo sina. Hilo tuliache.

Tulirekodi, tukanywa maziwa, tukarudi. Sikukumbuka jina alilosema. Siku hiyo mawazo yangu yalikuwa kwenye betri.

Miaka ikapita. Kompyuta ikaja, na pamoja nayo akaja Madam Chebet kutoka Kericho, mtu wa bidii, mpole, anakunywa chai ya moto saa za jua kali. Alikuja kutufundisha namba. Zamani tulidhani wimbo ukishaingia kwenye kaseti basi kazi imekwisha. Akasema hapana, wimbo unatembea dunia nzima, na njiani unapoteza jina, kwa hiyo unapewa namba. Hii ndiyo sehemu mnayoniuliza kila mara, nitaieleza kwa mara ya mwisho, tena kwa mifugo kwa sababu mimi sijui njia nyingine.

Ng'ombe wa kwetu ana alama mbili. Ubavuni ana alama ya moto ya ukoo, sikioni ana mkato wake. Namba ya utunzi, ile inayoanza na herufi T, ni alama ya ubavuni. Inasema maneno haya na sauti hii vimetoka boma gani. Wimbo ukiimbwa na kwaya, na bendi, na mlevi aliyejua kupanga sauti, alama ya ubavuni ni ile ile, maana wote ni uzao mmoja. Namba ya rekodi, ile ndefu ya herufi na tarakimu, ni mkato wa sikio. Inasema mnyama huyu mmoja, sauti iliyonaswa siku hii na watu hawa. Kwaya ikiimba tena mwakani, mkato mwingine. Lakini rekodi ikichezwa Lodwar au Nairobi au kwenye simu ya dereva, mkato haubadiliki. Halafu kuna namba ya tatu, ya mtu mwenyewe, mwenye boma. Hiyo ndiyo muhimu kwa sisi wenye majina ya maksai, maana Apalopus ni wengi kama maksai wa kijivu walivyo wengi. Namba haichanganyi. Na ile ya utunzi huwezi kuipata vizuri kama mtunzi hajulikani.

Madam alisikia maelezo yangu akacheka, akasema, "Sawa mzee, bora usiichome kompyuta ubavuni."

Yeye ndiye alihamisha kaseti kwenye kompyuta, na kila mwanzo alikata. Kikohozi, mbuzi, mimi nikisema 'sema jina lako', vyote nje. Redio inataka wimbo uanze mara moja. Simlaumu, wakati huo majina yalikuwa yanaandikwa kando, na kando huko panya walikuwa na maoni yao. Kaseti zenyewe zilitiwa kwenye magunia zingojee kutupwa. Mimi nikaziomba, nikapanda nazo juu ya lori mpaka Lodwar. Dereva akauliza nimebeba nini, nikasema watu. Akacheka, akaniambia basi watu wako washikilie vizuri.

Wakati huo Faustin alikuwa ameshaondoka. Alipata safari ya kwenda nchi ya baridi. Asubuhi ya kuondoka alivaa koti kubwa pale pale Kakuma, kwenye joto letu, jasho linamtiririka, ati anazoea. Alipiga simu mara chache. Alisema huko watu wanatembea barabarani na nyimbo masikioni na hakuna anayemsikia mwenzake. Halafu namba yake ikawa haiingii. Mke wangu naye alikuwa ameshazikwa, watoto wako Kitale na maisha yao. Nikabaki Kakuma na chumba kimoja na visikilizio. Mtu akivaa vile vitu masikioni hakuna anayemuuliza kwa nini haongei.

Sasa nifike kwenye ile kesi.

Kuna kijana wa Kakuma mjini, Ewoi, mnamjua nyote, nywele zake rangi ya chungwa. Sauti Mungu amempa. Alitengeneza wimbo wenye ngoma za siku hizi, na ndani yake aliweka wimbo wa maksai aliousikia akiwa likizo kwa mjomba wake Lopur. Ulishika moto. Bodaboda, kinyozi, duka la Msomali, kila mahali. Madam akauwekea namba ya rekodi, sawa kabisa. Kwenye nafasi ya mtunzi Ewoi alikuwa ameandika: wimbo wa asili. Basi mtangazaji kila akiucheza anasema, "Na huu ni wimbo wa asili wa Waturkana, hauna mwenyewe, ni wetu sote!"

Asubuhi moja akaingia mama mzee studio. Shanga mpaka kidevuni, miguu ina vumbi la mbali. Hakuketi.

"Ejok," nikamsalimia. Kwetu *ejok* ni hujambo, na anayetaka kujibu vizuri husema *ejok nooi*, njema sana.

"Ejok," akasema, lakini kwa ukali. "Ni wewe unayetunza nyimbo?"

"Ni sisi, mama."

"Nilikuwa sokoni nauza makaa. Gari ikasimama, ndani yake mtoto anaimba wimbo wa mwenye boma langu. Nikasema vizuri, umefika mbali. Halafu mtu wa redio akasema hauna mwenyewe." Akapiga fimbo chini. "Hauna mwenyewe! Basi mimi niliolewa na nani?"

Feni ilikuwa imesimama siku hiyo, stima hakuna.

Nilimuuliza anataka tufanye nini. Akasema kitu kimoja tu. Wimbo ukipigwa, mwenyewe atajwe. Mume wake amekufa, maksai amekufa, kiangazi kilichukua boma lote, binti yao mmoja ameolewa ng'ambo ya mpaka. "Kimebaki hicho cha mdomoni," akasema, "na nyinyi mmekigawa."

Ewoi tulimwita. Nilitegemea ubishi, lakini alipomwona yule mama alivua miwani. "Ata, mimi sikuiba," akasema, na *ata* ni bibi kwa Kiturkana. "Mimi nilijua ni ngoma tu ya watu wa reserve, huko porini. Si hizo nyimbo ni za kila mtu?"

"Kuna ng'ombe wa kila mtu?" mama akamuuliza.

"Hakuna, ata."

"Yuko mmoja. Yule aliyeibwa usiku."

Ewoi akacheka bila kutaka, akashika kichwa. "Waa. Mzee Lomuria, andika jina ya mwenyewe. Mimi niwekwe mwimbaji, hiyo inanitosha. Tena atajwe yeye mbele."

Ikaonekana imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza. Mjini mtoto anaweza kuandika wimbo wa asili kwa sababu hajui kila wimbo wa maksai una mtu. Lakini sisi wa porini tuna kosa letu pia: tunajua mtu, jina hatulijui. Madam akafungua kompyuta akauliza, "Mama, jina kamili la marehemu?"

Mama akaangalia mlango.

"Jina lake, mama."

Akaanza kupangusa vumbi la miguu.

Nikamvuta Madam pembeni. Sisemi ni Waturkana wote, lakini nyumba nyingine mwanamke hataji jina la mumewe, na akishafariki ndiyo kabisa, jina linaweza kumwamsha mahali alipolala. Mama yangu mzazi alikufa hajawahi kumtaja baba yangu. Madam akaelewa, akauliza majirani je? Nilikwenda Lopur mwenyewe. Wazee wa rika la marehemu wamekwisha. Waliobaki wote wananiambia Apalopus, Apalopus. Na Apalopus mwingine yuko Namoruputh, mzima, anatembea, tena anapenda sana kutajwa. Kitambulisho marehemu hakuwahi kuchukua. Bila jina la kuzaliwa na la baba, na mjane mwenyewe akubali kwamba ndiye, Madam hakuweza kupeleka maombi ya namba. Wimbo ungebaki wa asili, na kila siku unazidi kwenda mbali ukiwa hivyo.

Mama alikuja tena, akaja tena. Anakaa nje chini ya ukuta, anasikia wimbo wa Ewoi ukipigwa dukani, anasikia mtangazaji, anaondoka.

Ndipo nikakumbuka magunia. Nilishuka Lodwar nikamwaga kaseti sakafuni. Nyingine zimeyeyuka zikawa kama sabuni. Ya Lopur niliipata, kibandiko kimetoka, lakini alama aliyoikwaruza Faustin kwa msumari ipo. Nilisafisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti kama nilivyofundishwa, nikazungusha kwa penseli, lakini sikuisikiliza. Niliona si haki nimsikie kabla ya mwenyewe.

Kurudi Kakuma, mama ameketi kwenye kile kiti cha mguu mbovu, mimi na mashine, Madam na Ewoi wamesimama. Nikamwambia, "Mama, humu ndani yupo. Kabla ya wimbo anasema jina. Sijui kama kwenu anaruhusiwa kutajwa mbele yako. Nifanye nini? Utoke nje kwanza?"

Alikunja nguo yake magotini, akaikunjua.

"Mimi simtaji," akasema. "Wewe usimtaje. Yeye akijitaja, ni shauri lake. Alikuwa haambiliki hata akiwa hai."

Nikabonyeza.

Kwanza upepo, siku hiyo soksi hatukuwa nayo. Mbuzi. Halafu sauti yangu, ya kijana, sikuitambua: "Sema jina lako." Halafu mtu anacheka karibu sana na maikrofoni. Apalopus hakuwa ameona kitu kama kile, na kwa adabu aliona aanze kwa kukisalimia. "Ejok?" akasema.

Na mama akajibu. Taratibu, kama mtu anayeitikia huku mikono iko kwenye kazi. "Ejok nooi."

"Mimi ni Ekal," kaseti ikasema, "mwana wa Lokwawi, wa Lopur. Maksai wangu ni huyu hapa." Halafu kengele, halafu akaimba.

Mama hakulia. Alisikiliza na macho yamefungwa, kama Faustin. Wimbo ulipokwisha Madam akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, ndiye?" Akaitikia kwa kichwa. Akatia dole gumba. Kisha akaniambia, "Rudisha pale anapouliza hali." Nikarudisha. Akaitikia tena. Nikarudisha tena. Ewoi alitoka nje, alisema kuna vumbi.

Basi hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo, mnaweza kuangalia wenyewe. Rekodi ya Ewoi ina mkato wake. Kaseti ya Lopur nayo ilipewa mkato wake, na safari hii Madam hakukata mwanzo. Zote mbili ubavuni zina alama moja, na nyuma ya alama hiyo yuko Ekal wa Lokwawi, kwa jina lingine Apalopus, peke yake, hachanganywi na yule wa Namoruputh. Nilimsikia mtangazaji kwa masikio yangu akisema wimbo umetungwa naye. Kama mama alisikia, sijui. Alikuwa ameshahama na mbuzi wawili aliopewa na mjomba wa Ewoi kufuata majani upande wa Loima. Huko redio haishiki.

Nyinyi mnaobaki, mimi sina la kuwaagiza zaidi ya hilo. Vyombo vitabadilika, soksi itaoza, namba zitaongezwa tarakimu. Mtu akija kuimba, muulizeni jina na mlinase kwa mdomo wake. Na wakiwaambia mkate mwanzo, kateni kwa ajili ya redio, lakini rekodi nzima iwekeni.

Magunia ninayo hapa nyumbani. Mchana jua likiwa kali na barabara haina mtu, naweka kaseti moja moja. Nyimbo sisikilizi sana, nasikiliza ule mwanzo. Wengi walifanya kama Apalopus, walianza kwa salamu. Mzee wa Lokichoggio, ejok. Kina mama wa Namoruputh wote kwa pamoja, ejok. Nami naitikia, sioni ubaya, ni adabu. Kwenye kaseti moja Faustin anapima mashine, anasema, "Lomuria, weye uko?" Hiyo nayo naijibu. Katika zote sauti yangu imo, inauliza watu majina, na hakuna hata moja ambapo mtu alinigeuzia maikrofoni.

Juzi jirani yangu, mama Nakiru, alinisikia kupitia ukuta wa makuti. "Mzee," akaita, "leo una wageni?"

"Ninao," nikasema.

"Ejok! Nimechemsha chai. Niambie mko wangapi nilete vikombe."

Mashine ilikuwa bado inazunguka. Niliangalia mkeka, nikaangalia magunia, nikashindwa kumpa hesabu.